Baba mkwe amelipa bili, nami nimebaki na aibu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, naishi Kimara na mke wangu na watoto wawili. Safu yako naisoma siku nyingi, na mara nyingi nimekuwa nikicheka matatizo ya wenzangu. Leo zamu yangu.

Kuna baa mtaani kwetu, jina naliacha. Ina miti ya kivuli, kaunta ndefu, jiko la nyama liko nje karibu na geti, na kwa nyuma kuna mama anayekaanga chipsi na kupika ugali. Huu ni mwaka wa saba mimi ni mteja pale. Wahudumu wananijua, kiti changu kinajulikana, na Jumapili tukitoka kukimbia na wenzangu wa jogging ndipo tunapomalizia kwa supu. Kwa kifupi, ile ni baa yangu.

Mimi ni Mpare wa Same, mke wangu ni Mchaga wa Kibosho. Sina haja ya kukueleza utani uliopo hapo. Tuna miaka tisa ya ndoa, na kwa miaka yote hiyo baba mkwe hakuwahi kulala kwangu hadi mwezi uliopita alipokuja Dar es Salaam kuangaliwa macho. Nikasema huyu mzee siwezi kumwacha akaondoka kwa kula wali wa nyumbani tu. Jumamosi nikamtoa.

Jumamosi yenyewe ilikuwa siku ya Simba na Yanga. Tulifika saa 10 alasiri, tukiwa wanne: mzee, mke wangu, shemeji yangu na mimi. Tukapata meza nzuri. Nikaagiza kilo mbili za mbuzi wa kuchoma, nikasisitiza mguu, nikaongeza ndizi za kuchoma sahani mbili. Mzee akaomba Kilimanjaro ya moto. Ikaja ya baridi, inatiririka maji. Nikamwita mhudumu aibadilishe, akasema "nakuja bosi", hakuja. Mzee akaishika ile chupa kwa viganja vyote viwili kama mtu anayeota moto, akawa anasubiri baridi ipungue. Mimi namwangalia, roho inaniuma.

Saa 11 mpira ukaanza, nyama haijafika. Kila nikiuliza naambiwa iko jikoni, inageuzwa. Jambo moja tu lilinifariji: wenzangu wanne wa jogging walikuwa meza ya jirani, na walipomwona mzee wakainuka wote kuja kumwamkia, mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, wakamwita baba. Nilijisikia fahari. Nikamwambia mhudumu, "Hao waangalie." Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, nikaona siku inaanza kunyooka.

Nyama imefika saa 12 na dakika 20. Shangazi, mguu sikuuona. Ilikuwa mbavu na shingo, imekatwakatwa vipande vidogo, imepoa, mafuta yameganda kwenye sinia. Ndizi zilitangulia nusu saa nzima na zilishakuwa ngumu kama kuni. Na ile haikuwa kilo mbili. Nakuapia, haikuzidi kilo moja na nusu. Mzee akachukua ubavu mmoja, akautafuna polepole, halafu akauliza, "Huyu mbuzi ni wa hapa hapa?" Sikujua nijibu nini.

Sasa bili. Mhudumu kaleta karatasi iliyochanwa kwenye daftari: nyama 36,000, ndizi 4,000, soda mbili 2,000, bia kumi na tatu 32,500. Jumla 74,500. Tuliokuwa tunakunywa bia ni watatu, kila mmoja chupa tatu. Mke wangu alikunywa soda zake mbili. Chupa zote ziko mezani, nikazihesabu mbele yake: tisa. Nikamuuliza, hizi nne kanywa nani? Akanijibu kwa sauti, meza zote zinasikia: "Bosi, kama mfuko umebana si ungesema mapema?"

Hapo nikasimama. Nikaenda kaunta kwa meneja. Meneja akasema bia anazitoa kwa mhudumu, na habari ya nyama hajui, nyama siyo yake, nikamuulize mchomaji. Mchomaji akasema yeye kampa mhudumu alichokuwa nacho. Mhudumu akasema yeye hachomi nyama. Nimezungushwa hivyo kama robo saa. Niliporudi mezani mzee ameshatoa noti nane za elfu kumi, ameshampa mhudumu, na ameshavaa kofia yake. Chenji ya 5,500 sikuiona ikirudi.

Tulipofika getini mzee alisema neno moja tu: "Nilikuwa nasikia Mpare anauza ng'ombe kufuatilia kesi ya kuku. Leo nimeona na ya mbuzi." Mke wangu akacheka, shemeji akacheka. Mimi sikucheka.

Mzee amesharudi Kibosho. Mke wangu anasema nilimwaibisha baba yake kwa kugombania bia nne. Mimi naona niliibiwa mchana kweupe, tena mbele ya mkwe. Nilimpiga picha yule mhudumu, na nimeandika maelezo marefu ambayo nataka kuyaweka kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, lenye watu zaidi ya 200. Kinachonizuia ni mwenye baa. Mama yangu alipofariki mwaka juzi, bwana yule alitupa viti na maturubai siku zote za msiba na hakutaka hata shilingi. Siku hiyo ya tukio hakuwepo.

Je, niposti? Niache tu kwenda pale kimya kimya? Na hela ya mzee, nimrudishie kwa simu? Nakosa usingizi kwa jambo ambalo wenzangu wanaliona dogo.

Mkwe mwenye aibu,
Kimara

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyokuinua kwenye kiti.

Mezani kwenu chupa tisa, kwenye karatasi kumi na tatu. Zimezidi nne. Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe, pale wenzako wa jogging walipokuja kumwamkia mzee. Walikuwa wangapi? Na wewe, kwa ile fahari yako, ukamwambia nini mhudumu?

Nimeuza bia Morogoro miaka kumi na moja, kwenye grosari yangu ndogo upande wa Msamvu, na sijawahi kukutana na mhudumu ambaye akiambiwa "hao waangalie" ataenda kuwaangalia kwa macho. Maana yake ni moja: wape wanachokunywa, andika kwangu. Wewe umekaa baa miaka saba, unalijua hilo kuliko mimi. Ulisema kwa raha, mpira ukapamba moto, nyama ikakuchefua, ukasahau. Chupa zao zilibaki mezani kwao, ndiyo maana kwenu hukuziona. Sikuwepo, kwa hiyo siapi. Lakini wenzako unao, Jumapili waulize.

Nadhani sasa hivi umeweka simu chini. Ichukue tena, maana sijasema hukukosewa. Ulikosewa, ila siyo pale ulipopigia kelele.

Kwanza yule binti. Watu wanaokaa mezani hawajui mhudumu anafanyaje kazi. Kwenye baa zetu nyingi kaunta haimkopeshi mteja, inamkopesha mhudumu. Chupa ikivuka kaunta imeshaandikwa jina lake. Usiku anafunga hesabu, na kisichotimia ni chake. Ndiyo sababu chupa tupu haziondolewi mezani hadi mtakapolipa: lile ndilo daftari lake. Mteja akisema anakwenda chooni akaunganisha hadi barabarani, anayelipa ni yeye. Uliposema hizi nne siyo zangu, wewe ulikuwa unatetea heshima mbele ya mkwe. Yeye alikuwa anaziona elfu kumi zake zinaota mabawa, na siku ile nadhani hata hizo elfu kumi alikuwa hajazipata.

Haya, simtetei mdomo wake. Angesema tu, "Bosi, nne ni za meza ile, uliniambia niwaangalie," mngecheka wote na mzee angeondoka na chenji yake. Lile neno la mfuko kubana lingekuwa limetoka kwenye grosari yangu, usiku ule ule tungeongea mimi na yeye jikoni, mlango umefungwa. Kuhusu ile 5,500, muulize mke wako taratibu. Mzee anayetoa noti nane na kuvaa kofia huenda alishamwambia mhudumu abaki nayo. Kama hakusema hivyo, basi hapo amechukua kisicho chake, na hilo ni la kulifikisha kwa mwenye baa.

Sasa nyama. Kwenye uzito huna kesi, samahani. Kilo ya nyama choma ni kilo ya nyama mbichi. Inapimwa kabla ya moto, na moto unakula maji na mafuta. Robo ya uzito kuondoka ni jambo la kawaida, ikikaa sana juu ya makaa inaweza kufika theluthi. Kilo zako mbili kurudi kilo moja na nusu au pungufu, tena na mifupa ndani, hapo hakuna wizi. Mwizi wa kweli kwenye uzito anaiba kwenye mzani, na mzani unao namna ya kuukagua: Wakala wa Vipimo hupita na kubandika stika. Stika ikiwa ya zamani au haipo, kanunue kwingine.

Mguu ndio kesi. Wewe uliagiza mguu ukaletewa shingo. Nikuambie huo mguu ulikokwenda? Uliliwa na mtu mwingine. Siku ya mpira watu wanasimama pale jikoni na noti mkononi, na mchomaji anapochagua kati ya mtu aliyesimama mbele yake na oda iliyoletwa kwa mdomo kutoka meza ya mbali, oda ya mbali inaruka. Inaruka mara ya kwanza, inaruka ya pili, mguu unakwisha. Halafu anakumbuka, anakusanya kilichobaki, mbavu na shingo, anakatakata ili isijulikane, anakupelekea. Akikuta mhudumu anatazama penalti, sinia linakaa kaunta linapoa. Hayo yote nimeyaona, na naomba toba, yamewahi kutokea kwangu.

Meneja alipokuambia nyama siyo yake hakuwa anakutania. Umekaa kwenye kiti kimoja ukadhani uko kwenye duka moja. Baa ya namna hiyo mara nyingi ni biashara tatu au nne chini ya mti mmoja. Kaunta ni ya mwenye baa. Jiko la nyama lina mpangaji anayelipa kodi yake, ananunua mbuzi wake na mkaa wake. Yule mama wa chipsi ana hesabu zake. Mhudumu anakimbia katikati yao wote, na hakuna anayemwona ni wake sawasawa. Siku tulivu hugundui, kwa sababu vyote vinafika mezani kwa mkono mmoja. Siku ikiharibika ndipo unapewa ile ziara ya robo saa, huyu anakutuma kwa yule na yule kwa huyu. Anayeweza kuwaita wote wanne na wakaja ni mtu mmoja tu, na ndiye ambaye hakuwepo.

Kwa hiyo bwana wa maturubai anahusika, tena sana. Kodi ya jiko anapokea yeye, kibao getini ni chake, na mteja anakijua kibao, hajui mkataba wa mpangaji. Siku ya Simba na Yanga baa imejaa hadi kwenye ukuta, hukuweka mtu wa kusimamia jiko na meza kwa pamoja, ulitegemea nini? Hilo ndilo la kumwambia.

Kabla ya hapo, na wewe nikuseme kidogo, maana umeniita shangazi. Mzee ametoka Kibosho kuja kuangaliwa macho, wewe unampeleka baa siku ya dabi? Umkalishe kwenye makelele, umwagizie mbuzi kupitia kwa binti anayetazama mpira? Mguu wa mbuzi hata siku ya kawaida, kwa makaa mazuri, ni saa nzima. Halafu huyo ni Mchaga wa makamo yale. Kwao mbuzi ana mpangilio, kila kiungo kina mwenyewe, na mtu anajua heshima aliyopewa kwa kuangalia kipande kilichowekwa mbele yake. Wewe umemletea sinia la vipande ambavyo hata yeye hakuweza kuvitambua. Alipouliza kama mbuzi ni wa hapa hapa, alikuwa anakupa njia ya kutokea. Ungesema, "Baba, huyu mbuzi wamenichezea, twende jikoni tukamwone mwenzake," na mngekwenda.

Tena mngekwenda tangu mwanzo. Nyama ya mgeni wa heshima haiagizwi ukiwa umekaa. Unainuka, unakwenda na mgeni mwenyewe hadi pale inaponing'inia, yeye ndiye anyooshe kidole, ipimwe mkiwa mnaona, mchomaji aichomeke kijiti au kikamba cha alama mbele yenu, umlipe yeye hapo hapo hata nusu. Oda iliyolipiwa hairuki. Na mzee angefurahi kuliko kula kwenyewe. Wanaume wa umri wake wakipewa mzani na mbuzi wana maongezi ya saa nzima. Bia ya moto hali kadhalika: kreti ziko pale chini ya kaunta, unanyoosha mkono unapewa.

Haya, grupu la WhatsApp. Hapana. Futa yale maelezo, na ile picha ya binti uifute leo leo. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu pamoja na tuhuma ya wizi mbele ya watu 200 siyo vitu vya kuchezea. Lakini hata sheria zingekuwa hazipo, hebu fikiri: wale wenzako wanne, wao hawamo kwenye grupu hilo? Unaposti kwa uchungu, aya nane, picha juu, na kabla hujaweka simu mfukoni mmoja wao anajibu, "Kaka, zile bia si ulitununulia wewe?" Mwanangu, hapo itabidi uhame Kimara.

Kuacha kwenda kimya kimya ndiko watu wengi wanakofanya, na hapa nina donda langu. Kwenye grosari yangu walikuwepo walimu wanne, kila mwisho wa mwezi wako kwangu, meza ya pembeni chini ya mwembe, hawana fujo, wanalipa vizuri. Mwezi mmoja hawakuja. Wa pili hawakuja. Nikafikiri mishahara imechelewa. Nikafikiri wamehamishwa. Nilibadilisha hadi rangi ya viti, nikidhani labda pamechoka. Miaka miwili baadaye nikakutana na mmoja wao kwenye harusi, akanieleza huku anacheka: binti wangu mmoja alimwambia mwenzao, aliyekuwa anahesabu sarafu, "Mwalimu, leo umekusanya michango ya chaki?" Basi. Kwa sentensi hiyo nilipoteza meza nzima kwa miaka miwili, na yule binti nilikuwa naye muda wote huo, namsifu kwa uchangamfu. Wangeniambia siku ile ile ningemrekebisha, na bia zao zingekuwa juu yangu. Sikuwahi kuwalaumu walimu. Lakini hadi leo nikikumbuka nasikia vibaya.

Kwa hiyo mwambie mwenye baa. Nenda siku ya katikati ya wiki, asubuhi ya supu, akiwa ametulia na kabla wateja wa jioni hawajaanza. Usianze na maturubai. Alikupa kwa ujirani, na mashtaka yako pia ni ya ujirani, vyote vinakaa mfuko mmoja; ukiyataja utamfanya aone unamwogopa au unamlipa. Anza na bia nne. Kama wenzako wamekiri, sema wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa binti: zile zilikuwa zangu, nilisahau. Mtu akianza na kosa lake anasikilizwa kwa yanayofuata. Kisha mpe yanayofuata: mguu uliopotea, nyama iliyosubiriwa zaidi ya saa mbili ikafika baridi, ile kauli ya mfuko, na chenji kama kweli haikurudi. Mwambie siku ambazo hayupo aweke mtu mmoja ambaye mteja akimfikia hatumwi tena kwingine. Mkumbushe na habari ya risiti. Kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari siyo risiti, na kwa sheria yetu muuzaji anatakiwa kutoa na mnunuzi anatakiwa kudai, kwa hiyo hata wewe hapo miaka saba ulikuwa umelala.

Halafu mtazame. Akiita mchomaji na mhudumu ukiwa bado umekaa, endelea kuwa mteja. Akicheka akasema "aah, si unajua siku ya mpira", kunywa supu yako umalize, lipa, na Kimara baa hazijaisha. Kwa vyovyote, ukionana na binti mwambie, "Zile nne zilikuwa zangu." Inatosha, usiongeze hotuba. Naye akiwa na haya atajua la kusema.

Umebaki wewe na mzee. Hela usimrudishie. Ukituma kwa simu itaingia kule Kibosho kama ujumbe kwamba ulichonilipia sikitaki. Baba amelipa mezani mbele ya binti yake, iache ilale hapo.

Lile neno la getini wewe umelisikia vibaya. Kwa miaka tisa mzee huyo alikuwa anakuita nani? Bila shaka "baba fulani", kwa jina la mtoto, habari za kazi, basi. Mkwe hamtanii mtu anayemchukia, anamnyamazia. Siku ile ameletewa bia ya baridi, shingo ya mbuzi na ugomvi, ametoa 80,000 zake, na bado amepata nafasi ya kukutania Upare wako. Mke wako na shemeji walicheka kwa sababu wanamjua baba yao. Mkeo aliyekusema nyumbani ndiye huyo huyo aliyecheka getini, kwa hiyo usidhani amekasirika kiasi hicho. Ulitakiwa ucheke nawe, umjibu. Bado hujachelewa. Mpigie Jumapili jioni, muulize macho yanaendeleaje, mwache aeleze dawa zake zote, na mwishoni mwambie, "Baba, ile kesi ya mbuzi nimekata rufaa."

Rufaa itasikilizwa Desemba, mtakapopanda Kibosho na wenzenu wote. Njiani mnapita Same, kwenu kabisa. Simama, ongea na wajomba, wakutafutie beberu la maana, usisahau kibali cha kusafirisha mifugo usije ukaniandikia barua nyingine kutoka kwenye kizuizi. Mfikishie mzee akiwa hai, mkabidhi kamba, halafu kaa pembeni unywe bia yako na yeye agawe anavyojua. Mbuzi akishuka kwenye gari kwa miguu yake yote minne, hakuna atakayeuliza mguu umekwenda wapi.

Shangazi yako